Shahada na Shaka: Ari ya Mwanafunzi wa Chuo Kikuu Anapotilia Mashaka Thamani ya Masomo Yake

Mhadhara huu unamhusu mwanafunzi ambaye bado yumo chuoni, hajafeli, hajakosa ada wala hajaugua, lakini ameishiwa sababu ya kuendelea. Anahudhuria vipindi kwa kuwa mahudhurio yanahesabiwa. Anasoma desa, yaani muhtasari wa masomo unaorithiwa kutoka kwa waliotangulia, badala ya kufungua kitabu. Na anapokaa jioni na wenzake kwenye kimbweta, yaani benchi la kujisomea la chuoni, mazungumzo hayakawii kumfikia fulani aliyehitimu na GPA nzuri na ambaye hadi leo yuko kitaa, akisubiri tangazo la ajira. Jibu ambalo mwanafunzi huyo hupewa kwa kawaida ni hamasa: semina ya siku moja, msemaji mwenye kipaza sauti, na hadithi ya tajiri aliyeanza na mtaji wa shilingi elfu kumi. Msimamo unaotetewa hapa ni kwamba shaka yake ni halali na ina historia inayoeleweka, na kwamba ari ya kumfikisha mwisho wa miaka 3 au 4 haina budi kujengwa juu ya jibu la kweli, hata kama jibu lenyewe litakuwa la nusu.

Historia inafaa itangulie, kwa sababu ahadi inayomsumbua mwanafunzi wa leo ilitolewa kwa watu wengine. Chuo cha Dar es Salaam kilipofunguliwa Oktoba 1961, kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London na kikifundisha sheria peke yake katika jengo la chama cha TANU mtaa wa Lumumba, kilikuwa na wanafunzi wasiotimia 20, na nchi iliyobakiza wiki chache kupata uhuru iliwategemea wageni kwa sehemu kubwa ya nafasi zake za juu. Serikali ikajiwekea lengo la kujitosheleza kwa wataalamu ifikapo 1980, ikawasomesha vijana kwa fedha za umma, na ikawapangia kazi walipomaliza, hata mhitimu hakuwa na haja ya kutafuta ajira. Uzito wa shahada katika miaka hiyo unaonekana vizuri katika mgogoro wa tarehe 22 Oktoba 1966, wanafunzi walipoandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) ambayo yangewafanya wahitimu watumikie miezi 18 kwa asilimia 40 ya mshahara. Rais wa nchi, Mwalimu Nyerere, aliwarudisha makwao karibu 400 kati yao, na akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Pande zote mbili zilikubaliana kwamba shahada ina thamani kubwa. Kilichogombewa ni nani mwenye haki ya kuifaidi, mhitimu aliyeisomea au mkulima aliyeigharimia.

Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilipokutana Musoma, suala la ari liliguswa kwa karibu zaidi ingawa halikutajwa kwa jina hilo. Azimio la Musoma liliagiza kwamba aliyemaliza kidato cha 6 asiingie chuo kikuu papo hapo, bali apite JKT, afanye kazi kwa muda usiopungua miaka 2, kisha alete mapendekezo ya watu waliomwona akiifanya. Dhana iliyolibeba agizo hilo ni kwamba mtu aliyekwisha kukutana na kazi, awe karani wa bohari, bwana shamba au mwalimu wa shule ya msingi, huja darasani na maswali yake mwenyewe, ilhali anayetoka dawati moja kwenda jingine huja na matumaini ya cheti. Utekelezaji ulikuwa na gharama zake, kwani idadi ya wasichana ilishuka, wengi wakiwa wameingia katika ndoa na malezi katika muda wa kusubiri, hata ikabidi sharti lilegezwe kwa ajili yao baada ya miaka michache. Na katika miaka ya 1980 utaratibu wote ukaachwa. Dhana yenyewe haikustahili kuachwa pamoja nao, na mhadhara huu utairudia.

Kilichofuata kinajulikana na hakihitaji maelezo marefu. Mageuzi ya uchumi yalipunguza watumishi wa umma, kila mhitimu akaacha kuhakikishiwa kazi, vyuo vikuu binafsi vikaruhusiwa, na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, ikaufanya ufadhili kuwa deni ambalo mhitimu mwenye mkopo hukatwa asilimia 15 ya mshahara kulilipa. Hata hivyo, nyumbani maneno ya mzazi hayakubadilika: soma kwa bidii, upate kazi nzuri. Kijana anayepokea bumu lake, yaani fedha ya kujikimu inayotokana na mkopo, akijua kwamba atairudisha, na huku akiambiwa maneno yaleyale aliyoambiwa mjomba wake aliyepangiwa kazi na serikali, ana haki ya kuhisi kwamba hesabu hazilingani.

Wachumi wamelijadili jambo hili kwa nadharia mbili ambazo mara nyingi huwekwa kama wapinzani. Ya kwanza ni nadharia ya mtaji watu, iliyopata umaarufu kwa kitabu cha Gary Becker cha mwaka 1964, inayosema kwamba masomo humwongezea mtu uwezo wa kuzalisha, na kwamba mshahara mkubwa wa msomi ni malipo ya uwezo huo. Ya pili ni nadharia ya ishara, aliyoieleza Michael Spence mwaka 1973, inayosema kwamba mwajiri, kwa kuwa hawezi kuuona uwezo wa mwombaji kabla ya kumwajiri, huitumia shahada kama alama ya kumtambua mtu mwenye akili na uvumilivu, hata kama masomo yenyewe hayakumwongezea chochote. Mwanafunzi mwenye shaka huwa ameigundua nadharia ya pili bila kusoma uchumi. Anaona, kwa mfano, kwamba katika utumishi wa umma nchini Tanzania mwalimu mwenye astashahada huanzia ngazi ya mshahara ya TGTS B, mwenye stashahada TGTS C, na mwenye shahada TGTS D, na kwamba ngazi hizo hupangwa kabla yeyote kati yao hajaonekana akisimama mbele ya ubao. Walimu watatu wanaweza kugawana ofisi moja na chaki moja, na aliye hodari kuliko wote akawa ndiye anayelipwa kidogo zaidi. Ronald Dore aliyaeleza mambo ya namna hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1976 kuhusu ugonjwa wa vyeti, akitumia mifano ya nchi kadhaa, Kenya ikiwa mojawapo: kadiri ajira rasmi inavyokuwa adimu, ndivyo waajiri wanavyopandisha cheti wanachokidai, na ndivyo shule inavyozidi kusomwa kwa ajili ya mtihani.

Haifuati, hata hivyo, kwamba shahada ni karatasi tupu. Katika nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara, ambako waliosoma chuo kikuu bado ni wachache miongoni mwa watu wazima, tafiti za mapato zimeonyesha mara nyingi kwamba kwa wastani mhitimu humzidi kipato aliyeishia sekondari kwa tofauti kubwa kuliko inavyoonekana katika nchi tajiri. Ni kweli kwamba hakuna mtu anayelipwa wastani, na kwamba takwimu hizo huwahesabu zaidi walio kazini kuliko wanaoitafuta kazi. Lakini anayedai kwamba shahada haina faida yoyote analazimika kueleza kwa nini waajiri, ambao si watu wa kutupa fedha, wanaendelea kuilipia. Ishara ina tabia moja ambayo anayetaka kuacha masomo hana budi kuizingatia: haigawanyiki. Soko halimlipi aliyemaliza miaka 2 kati ya 3 theluthi mbili za nyongeza ya mhitimu, bali humpa pungufu sana ya hapo, wakati deni la mkopo alilokwisha kulichukua hubaki palepale, amemaliza au hakumaliza.

Kwa hiyo uamuzi wa kuacha haufai kupimwa kwa miaka iliyokwisha kutumika. Gharama hiyo imekwisha kuzama na hairudi, iwe mtu amebaki au ameondoka. Kinachopimwa ni gharama iliyobaki dhidi ya faida iliyobaki. Kwa kipimo hicho, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza mwenye ufundi unaomlipa na wateja wanaomsubiri anaweza kuwa na hoja nzuri ya kuondoka, au angalau ya kuahirisha masomo kama kanuni za vyuo zinavyoruhusu, na hakuna sababu ya kumwonea aibu. Wa mwaka wa tatu aliyebakiza mihula 2 ni nadra sana kuwa nayo. Wengi wa wanaoshikwa na shaka, hata hivyo, hawako katika hali ya kuondoka. Watabaki, na suala lao ni watabaki kwa namna gani.

Hapa ndipo saikolojia ya ari inaposaidia kuliko uchumi. Mwaka 1971 Edward Deci alichapisha majaribio ambamo wanafunzi wa chuo walipewa fumbo la kuunganisha vipande vya maumbo. Waliolipwa kwa kulifumbua, malipo yalipokoma, walionekana kupungukiwa na hamu ya kulichezea katika muda wao huru kuliko wale ambao hawakulipwa kamwe. Kutokana na kazi hiyo Deci na mwenzake Richard Ryan walijenga nadharia inayotofautisha ari ya ndani, yaani kufanya jambo kwa kuvutwa nalo lenyewe, na ari ya nje, yaani kulifanya kwa ajili ya malipo au kwa kuogopa adhabu, na wakaeleza kwamba ile ya ndani hustawi mtu anapojiona ana sauti katika anachokifanya, anapoona uwezo wake unakua, na anapokuwa na watu anaohusiana nao kwa karibu. Mwanafunzi aliyeingia chuoni kwa ahadi ya ajira peke yake ni sawa na yule wa fumbo la kulipiwa: ahadi ikitiwa shaka, hakibaki kitu cha kumshikilia. Matokeo huonekana katika mambo madogo. Mwenye GPA ya 3.4, akijua kwamba 3.5 ndiyo mlango wa daraja la pili la juu, huanza kuchagua kozi za hiari kwa kuuliza ni mhadhiri gani anayetoa alama kwa urahisi. Anaikwepa takwimu, ambayo ndiyo ingemfaa zaidi kazini, kwa kuogopa sapu, yaani mtihani wa kurudia. Na kwa kufanya hivyo anaishusha kwa mikono yake thamani ya kitu anacholalamika kwamba hakina thamani.

Utafiti wa Chris Hulleman na Judith Harackiewicz, uliochapishwa mwaka 2009, unaonyesha njia moja ya kutoka. Wanafunzi wa sekondari nchini Marekani waliotakiwa kuandika mara kwa mara jinsi walichojifunza katika sayansi kinavyohusiana na maisha yao, wakilinganishwa na walioandika muhtasari wa somo tu, waliongeza hamu na alama, na faida hiyo ilionekana kwa wale waliokuwa hawatarajii kufaulu. Jambo la kuzingatia ni kwamba uhusiano huo waliuandika wenyewe, hawakuhubiriwa. Mwanafunzi wa uhasibu anayelichukua daftari la madeni la duka la mtaani kwao na kujaribu kulipanga katika vitabu vya hesabu alivyofundishwa, akagundua kwamba mwenye duka hajui faida yake kwa kuwa hujilipa kwa kuchota sukari na mafuta bila kuandika, amepata kwa saa chache kile ambacho Azimio la Musoma lilitaka kukipata kwa miaka 2: swali lake mwenyewe la kurudi nalo darasani. Mafunzo kwa vitendo ya wiki za likizo yangeweza kufanya kazi hiyo kwa kila mwanafunzi, kama yasingegeuzwa kuwa zoezi la kutafuta mhuri kwenye fomu.

Lawama yote haiwezi kutwikwa mwanafunzi. Vincent Tinto, katika kitabu chake cha mwaka 1987 kuhusu wanaoacha chuo, alisisitiza kwamba kubaki kwa mwanafunzi hutegemea sana jinsi anavyoungana na maisha ya kitaaluma na ya kijamii ya chuo chenyewe. Katika ukumbi ambamo mamia ya wanafunzi wanamsikiliza mhadhiri mmoja, ambamo jaribio hurudishwa likiwa na namba tu, au halirudishwi kabisa hadi mtihani umepita, mwanafunzi hana njia ya kujua kama uwezo wake unakua, na asiyejua hivyo atategemea cheti kimwambie. Semina za hamasa haziwezi kuziba pengo hilo, na fedha zinazotumika kwazo zingefaa zaidi kuwalipa wasaidizi wa kusahihisha. Idara zinazopanga muhula ujao zinaombwa zianze na jambo moja lisilosubiri sera mpya wala bajeti ya wizara: kila mwanafunzi, kabla ya kuingia katika mtihani wa mwisho, awe amerudishiwa walau kazi moja iliyosomwa yote na kuandikiwa maoni na mtu anayelijua somo hilo.