Dozi ya Asubuhi, Ujira wa Jioni



Februari 2011 Hospitali ya Muhimbili ilianza kuwapa waraibu wa heroini methadoni, na tangu hapo tumejua kwamba arosto, yaani maumivu ya kukosa unga, inatibika. Dawa hunywewa dirishani mbele ya mhudumu, ikamshika mtu mchana na usiku. Hapa Dodoma hutolewa Itega, chini ya Hospitali ya Mirembe. Mwili hutulia, usingizi hurudi. Lakini saa nne asubuhi mtu huyo keshakunywa dozi yake, na hana pa kwenda.

Siku ya mtumia unga ilikuwa imejaa: kusaka hela, kusaka kete, kukwepa askari, kuanza upya. Ukimwondolea unga, umemwondolea na ratiba. Ndiyo maana sitosheki na mafunzo ya stadi za maisha yanayoishia kwenye neno "kujitambua" ubaoni. Tuanze na kuamka kwa wakati, kudai haki yako bila kufoka, kupika, na kulala na pesa ndani ya nyumba mpaka kukuche.

Hilo la pesa ni zito kuliko linavyosikika. Hapa kwetu Ihumwa kuna bandari kavu, kuna reli ya kisasa, na Mji wa Serikali wa Mtumba ni jirani. Vibarua vipo, na vingi hulipa taslimu jioni. Mwaka 1985 wanasaikolojia wa Marekani, Alan Marlatt na Judith Gordon, walieleza kwamba wengi hurudia matumizi wakiwa na msongo, wamegombana na mtu, au wameshawishiwa na wenzao. Jioni ya malipo inaweza kuyakutanisha yote matatu: uchovu, ugomvi na msimamizi juu ya makato, na rafiki wa kijiweni anayeita, "Mwanangu, leo umeshika!" Jibu la mwito huo lifanyiwe mazoezi kwa sauti, mara nyingi, mpaka lije lenyewe. Maana aliyekaa miezi bila heroini, mwili wake unaweza kushindwa kuhimili kipimo cha zamani; akikirudia, kinaweza kumuua usiku huohuo.

Tusisahau pombe, kwani ushawishi hauko kijiweni tu. Ugogoni, kukataa kibuyu cha pombe ya mtama kwenye sherehe ni kama kuwakataa wenyeji. Kijana peke yake hawezi mzigo huo. Wazee, mtangulieni: semeni mbele ya ukoo kwamba huyu anywe togwa, na asiulizwe.

Kwa wakandarasi nina ombi moja. Kibarua huitwa alfajiri, na dirisha la Itega nalo ni la asubuhi. Mruhusuni aliye kwenye tiba aingie kazini saa nne, afidie jioni, na ujira wake, akitaka, utumeni kwenye simu ya mtu aliyemchagua mwenyewe.