Habari za Udongo: Jinsi Unavyofanyika

Leo nataka kuzungumza nanyi habari ya kitu tukikanyagacho kila siku wala hatukiangalii, nacho ni udongo.

Mtu wa Kasanda, au wa mahali po pote katika nchi ya juu ya Kibondo na Kasulu, achimbapo shimo refu huona mambo ya ajabu. Juu pana udongo mweusi-mweusi wenye mizizi, nao mara nyingi hauzidi shubiri moja au mbili. Chini yake pana udongo mwekundu. Akizidi kuchimba hukuta mawe yaliyooza, yavunjikayo kwa vidole, na mwisho mwamba wenyewe. Je, tabaka hizo zilitoka wapi?

Zamani udongo huo ulikuwa jiwe. Jua la mchana hulitanua jiwe na baridi ya usiku hulirudisha, hata likapata nyufa. Maji ya mvua huingia katika nyufa, nayo yana ukali kidogo kwa sababu ya hewa yaliyoichukua njiani, hulila jiwe polepole. Kisha mizizi hupenya na kuzidi kulipasua. Katika nchi yenye joto na mvua nyingi, maji huosha sehemu kubwa ya chakula cha mimea na kukipeleka chini. Chuma husalia, hushika kutu. Ndiyo sababu ya wekundu ule.

Lakini jiwe lililosagika peke yake halijawa udongo wa kulima. Majani hayana budi kuanguka, mchwa na nyungunyungu wayavute chini, na vijidudu visivyoonekana kwa macho viyaozeshe yawe mboji. Ukufi mmoja wa udongo mzuri una viumbe hai vingi kuliko watu wote wa dunia. Mboji ndiyo ishikayo maji kiangazi, na ndiyo ghala ya chakula cha maharagwe, mahindi na migomba yetu.

Kazi hiyo ni ya muda gani? Unene wa inchi moja huweza kuchukua miaka mamia, hata 1,000. Lakini kuupoteza ni kazi ya mvua chache. Milimita 1 tu ikiondoka katika shamba la hekta 1, ni mita za ujazo 10, yaani zaidi ya tani 10. Mwenye shamba haoni shimo lo lote. Huona tu maji ya kijito yamekuwa mekundu, na mwaka ujao mavuno yamepungua.

Bwana Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo katika kituo cha Amani, Usambara, aliangalia sana vilima vya Afrika Mashariki. Aliona ya kuwa kileleni pana udongo wa namna moja, mteremkoni namna nyingine, na bondeni nyingine tena, na mpango huo hurudi kilima baada ya kilima. Mwaka 1935 aliuita katena, neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo, na wataalamu wa nchi nyingi hulitumia hata leo. Basi, jirani zangu wa mlimani na wa bondeni, ninyi ni pete za mnyororo mmoja. Alimaye vibaya juu humharibia aliye chini. Na matope yapitayo bondeni huchukuliwa na Mto Malagarasi hata Ziwa Tanganyika, yakafunika mahali samaki wazaliapo.

Tufanye nini? Tusilime matuta ya kuteremka na mlima, bali yaukinge mteremko. Mabua na majani tusiyachome, tuyatandaze shambani. Ukingoni tupande nyasi au miti ishike ardhi.

Mtu akipoteza jembe atanunua jingine. Akipoteza shubiri ile ya udongo mweusi, yeye hataiona tena, wala mtoto wake, wala mjukuu wake.