Kampuni Imefunga Ofisi, Samansi Tumpe Nani?



Ndugu zangu, dada zangu, kuna vijana kumi na mmoja wa hapa Gatina walilipa ajenti mmoja mjini awapeleke kazi Qatar. Jina silitaji, kesi iko kortini. Mama wa mmoja wao aliuza cherehani. Visa haikuja, simu zikazimwa, na tulipopanda ile ghorofa ya tatu tukakuta ofisi imekuwa kinyozi.

Tukafungua kesi ya madai, tukadhani kazi kubwa imeisha. Kumbe bado. Samansi tutampa nani?

Hapo nilikosea mimi mwenyewe. Nilimwachia yule kinyozi bahasha, akaipokea kwa heshima zote. Wakili aliposikia akashika kichwa. Mkipata hukumu hivyo, alisema, siku wenyewe watajitokeza waseme hawakupewa karatasi, hukumu ifutwe, muanze upya.

Kampuni haina mkono wa kupokea barua. Kanuni za kesi za madai za 2010, Amri ya 5, zinataka apewe mkurugenzi, katibu au ofisa wake mkuu. Hao wakikosekana, karatasi zinaachwa kwenye ofisi iliyosajiliwa au zinatumwa kwa rejista au kuria hadi anwani iliyosajiliwa. Zinapelekwa na mtu mwenye idhini ya korti, kisha anaapa kwa maandishi alimpa nani, wapi, saa ngapi. Tangu 2020 hata barua pepe na WhatsApp zinakubalika. Yote yakishindikana unaiomba korti ruhusa ya kubandika au kutangaza gazetini, na tangazo ni ghali, msidanganywe.

Kwa hivyo safari haianzii mlangoni, inaanzia kwa Msajili wa Makampuni. Kupitia eCitizen unaomba CR12, inayoonyesha wakurugenzi ni kina nani. Yetu ilipotoka tulicheka kwa uchungu. Kampuni tuliyoililia ilikuwa hai kabisa kwenye daftari! Kufunga ofisi si kufa.

Kwetu mtu akifariki, jamaa husimama wakauliza nani alikuwa akimdai marehemu. Kampuni haiswaliwi janaza. Wenyewe wanaivua kama shati, wanasajili nyingine, na anayedai ndiye anayebaki kuzunguka akitafuta kaburi.

Na kama kweli imefutwa daftarini? Sheria ya Makampuni ya 2015 inakuruhusu kuiomba korti iirudishe. Ikiwa korti imeshaamuru ifilisiwe, utahitaji ruhusa yake kwanza ndipo uishtaki.

Pia angalieni nani mwingine anahusika. Watu wa Owino Uhuru kule Mombasa walisumishwa kwa madini ya risasi na kiwanda cha kuyeyusha betri. Kiwanda kilifungwa 2014. Wao wakaenda kortini 2016, na hawakukishtaki peke yake. Waliishtaki pia serikali, pamoja na NEMA, mamlaka iliyopaswa kulinda mazingira. Mwaka 2020 wakapewa shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufani ikaiondoa 2023, Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Wangesubiri kiwanda peke yake, wangekuwa wanabisha geti mpaka leo.

Msilale lakini. Dai la mkataba lina miaka 6. Samansi yenyewe inaishi miezi 12, na ikiwa tayari isipochukuliwa ndani ya siku 30, kesi inaanguka. Hiyo ya siku 30 ndiyo inayoua kesi za watu wetu kimyakimya, maana kila mmoja anadhani mwenzake ameenda Milimani.

Jumamosi baada ya Dhuhr wakili atakuwa hapa madrasa. Leteni risiti, fomu, picha za ofisi, hata zile meseji za M-Pesa mlizolipia kwa namba ya mtu binafsi. Kwetu sisi, jina lililokuwa kwenye meseji ndilo lililokuwa kwenye CR12.