Stendi ya kutengenezea baiskeli nyumbani: tuchague ipi?

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama, Baraka)

Mmenipa dakika kumi, sitazipita.

Nataka kusema juu ya stendi ya fundi, ile inayonyanyua baiskeli wakati wa kuitengeneza. Mtu atasema ni jambo dogo. Lakini kwetu hapa baiskeli ndiyo gari. Inabeba mihogo, mawese, ndagala, hata mgonjwa. Ikilala siku mbili, nyumba nayo inalala njaa.

Wengi wetu tunapindua baiskeli kichwa chini, inasimama juu ya kiti na usukani. Kwa kuziba mpira uliotoboka, inatosha. Lakini kengele na taa vinavunjika, na fundi anainama mchana kutwa. Mzee mmoja fundi, aliyerudi kutoka Nyarugusu na sanduku moja la spana, aliniambia: "Mwanangu, kazi haijanishinda. Mugongo njo imenishinda."

Hapo niseme kosa letu, na mimi nimo. Tulimletea stendi ya dukani, nzuri kwa macho, ya kukunja, yenye mdomo wa plastiki wa kubana. Hatukumuuliza kwanza. Ilitengenezwa kwa baiskeli nyepesi. Zetu hizi za chuma, zenye breki za fimbo, zinafika karibu kilo 20, na keria nzito bado. Siku ya kwanza alipokaza pedali, stendi iliyumba. Haikupita mwezi, mdomo ukapasuka. Pesa ikaenda, mzee akarudi kuinama.

Kwa hiyo nashauri tuanzie kwenye tulicho nacho.

Kwanza, ile stendi ya nyuma ya baiskeli yenyewe. Inanyanyua gurudumu la nyuma, basi unaweza kupaka cheni mafuta na kuangalia kama ringi imepinda. Bei yake ni bure. Ila imefungwa kwenye ekseli: ukitoa gurudumu, nayo inalegea.

Pili, kamba mbili. Zifunge kwenye mti au boriti yenye nguvu, moja ishike pua ya kiti, nyingine usukani. Baiskeli ining'inie, pedali zifike usawa wa kiuno chako. Itacheza kidogo, lakini mgongo umepona. Kwa anayetengeneza baiskeli yake mwenyewe, hii inatosha kabisa.

Tatu, kwa fundi wa kila siku: nguzo mbili zenye panda, zichimbiwe chini sana, na mti wa kulala juu yake. Au aende kwa mchomeleaji amtengenezee ya nondo, miguu mitatu iliyopanuka, na kulabu mbili juu. Kulabu azizungushie mpira wa zamani ili rangi isichubuke. Ikivunjika, inachomelewa hapa hapa. Ile ya dukani tulikosa hata kipande cha kubadilisha.

Kabla ya kulipa, ijaribu: pandisha baiskeli yako mwenyewe, kamata pedali, sukuma kwa nguvu zote. Ikiyumba, iache.

Sasa ombi langu. Katika mpango wa pesa wa mwaka huu kumeandikwa tena stendi za kununua. Mimi ndiye niliyeandika mstari huo. Naomba mkutano uufute. Pesa hiyo inunue spana, spoki na vifaa vya kuzibia, na kidogo kibaki kwa nondo na mchomeleaji wetu. Na wafadhili, msione kama tunakataa zawadi. Tunaomba tu zawadi ipitie kwanza kwa yule atakayeitumia.

Yule mzee yuko hapa, amekaa nyuma pale. Kabla hamjapiga kura, muulizeni yeye.