Kabla Hujaitwa

Leo tusemezane juu ya deni ambalo watu hulificha hata wakiwa wametubu mengine yote: ushuru wa Serikali usiolipwa.

Tuseme yuko mtu mwenye duka la mbao na misumari. Ana daftari mbili, moja ya kuonyesha, nyingine ya kweli. Ni mtu mwema, hutoa fungu la kumi. Lakini gari geni likisimama nje, moyo humruka.

Sheria ya Musa ilimjua mtu huyu. Katika Kutoka 22, mwizi aliyekutwa na kondoo wa wizi akiwa hai alilipa wawili. Akiwa amemchinja, wanne. Lakini katika Hesabu 5, aliyeungama alirudisha kitu chenyewe na sehemu ya tano juu yake.

Kenya nayo iliwahi kufuata njia kama hiyo. Tangu Januari 1, 2021 hadi Desemba 31, 2023, mtu aliweza kujieleza mwenyewe kwa Mamlaka ya Ushuru, KRA, juu ya deni la miaka mitano iliyoishia Juni 30, 2020. Aliyejieleza na kulipa mwaka wa kwanza alisamehewa faini na riba zote. Mwaka wa pili, nusu. Wa tatu, robo. Ushuru wenyewe aliulipa wote, wala hakushtakiwa kwa yale aliyoyafichua. Ila aliyekwisha kuarifiwa kwamba hesabu zake zitakaguliwa hakupokelewa. Na aliyetaja nusu akaficha nusu aliweza kunyang'anywa msamaha. Anania na Safira wangeielewa sheria hiyo upesi!

Msamaha mwingine wa faini na riba ulifuata, nao ulifungwa Juni 30, 2025.

Je, aliyechelewa? Riba humla asilimia moja kila mwezi. Simwahidi kwamba hatatozwa faini. Lakini kabla ya kukaguliwa anaweza kurekebisha hesabu alizopeleka, tena anaweza kuomba kwa barua alipe kidogo kidogo. Aende na mhasibu anayejulikana na ile daftari ya kweli. Asimtume mtu wa kichochoroni anayeahidi kumaliza maneno kwa bahasha. Huyo atamwongezea kosa la pili.

Zakayo wa Yeriko, mkuu wa watoza ushuru, hakuna aliyempeleka barazani. Hata hivyo alijitoza mara nne, kipimo cha mwizi aliyekwisha kuchinja. Mkewe alisema nini jioni ile, Luka hakuandika. Mwenye duka wetu atakuwa na jioni kama hiyo. Karo ya watoto itabanwa, na shamba walilotaka kununua litangoja. Amwambie mama watoto kwanza, kabla ya mhasibu.

Na tuombe. Ee Bwana, mkumbuke anayesikiliza sasa huku barua yake haijaandikwa. Mpe kalamu leo, na nyumba itakayosimama naye. Amina.