Vikwazo: mupaka ukifungwa, nani anaumia?

Mulituuliza: nchi moja ikiwekea ingine vikwazo vya uchumi, vinafanya kazi namna gani? Tuangalie kwa jirani, Burundi.

Tarehe 25 Julai 1996 Pierre Buyoya alichukua utawala kwa nguvu ya jeshi. Tarehe 31, wakubwa wa nchi za jirani walikutana Arusha, wakakata biashara na Burundi. Burundi haina bahari. Vitu vyake vingi vilipita Dar es Salaam, Kigoma na ziwa Tanganyika. Njia ile ikifungwa, esanse haiingii, kahawa haitoki, serikali inakosa pesa. Ile njo akili ya vikwazo: kubana mufuko mupaka mukubwa akubali kuongea.

Vilisaidia? Kidogo. Mwezi wa 9 bunge na vyama vilirudishwa, kisha mazungumzo yakaanza. Lakini esanse iliendelea kuingia kwa magendo. Mwenye pesa aliipata, maskini akalipa bei ya juu kwa kila kitu. Mwaka wa 1997 ndipo masharti juu ya chakula na mbolea yalilegezwa. Vikwazo vilisimamishwa Januari 1999.

Kwa hiyo, mukisikia "vikwazo" kwa redio, tuulize: vinamubana nani? Chakula na dawa vinapita? Na mupaka wetu ukifungwa, kisanduku cha chama kikumbuke kwanza mama mwenye mutaji mudogo. Njia za panya zinataka pesa, na yeye hana.