Kawia Ufike: Funzo la Wawindaji wa Dhoruba kwa Wasafiri wa Nchiru

Mazungumzo kwa madereva, wahudumu wa bodaboda na wakazi wa Nchiru kabla ya mvua za vuli



Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Hapa Nchiru, mchana wa mwezi Novemba, dalili hiyo haijifichi. Wingu jeusi hujikusanya juu ya milima ya Nyambene, upepo hugeuka ghafla ukawa baridi, na mama mboga huanza kufunika bidhaa zake. Kila mtu hutafuta pa kujikinga isipokuwa yule aliye safarini. Gari la miraa lililotoka Maua halitaki kungoja, kwa sababu miraa ikinyauka bei huanguka. Dereva wa matatu ana hesabu ya siku anayodaiwa na mwenye gari. Mhudumu wa bodaboda amembeba mgonjwa. Hao wote huingia ndani ya mvua wakiiona.

Kuna watu wengine duniani ambao hushika barabara kwa sababu ya dhoruba yenyewe. Ni wawindaji wa dhoruba, na wengi wao wako Marekani. Wanazungumziwa leo kwa sababu wana jambo moja la kuwafunza madereva wa Meru.

Katika nyanda za kati za Marekani, hasa kati ya Aprili na Juni, hutokea tornado, yaani upepo mkali unaozunguka kama pia na kushuka kutoka winguni hadi ardhini. Unaweza kung'oa nyumba na kurusha gari. Mwaka 1956, kijana David Hoadley wa jimbo la North Dakota alianza kuzifuata dhoruba hizo kwa gari. Mwaka 1972 watafiti wa Oklahoma walianza kutuma vikosi barabarani kwa mpango maalumu. Tarehe 24 Mei 1973, karibu na mji wa Union City, walipiga picha za tornado tangu ilipoanza hadi ilipokwisha, huku rada ikiitazama dhoruba hiyo hiyo. Walipolinganisha picha na kumbukumbu za rada, waligundua kwamba dalili za mzunguko zilionekana ndani ya wingu kabla upepo haujagusa ardhi. Ugunduzi huo ulisaidia kujenga mfumo wa rada ambao leo huwapa wananchi wa huko nafasi ya kukimbilia mahali salama.

Maisha ya watu hao barabarani si kama yanavyoonyeshwa kwenye sinema. Asubuhi husoma ramani za hali ya hewa. Kisha huendesha gari mamia ya kilomita na kungoja kwenye kituo cha mafuta wakitazama anga. Usiku hulala kwenye nyumba za wageni za bei nafuu. Siku nyingi hurudi bila kuona chochote. Anayedumu katika kazi hiyo huwa na masharti yake: anajua njia ya kutokea kabla ya kuingia, hukaa kando ya dhoruba wala si chini yake, na barabara ikifunikwa na maji hugeuza gari.

Hata hivyo, dhoruba haimheshimu mwenye uzoefu. Tim Samaras alikuwa mhandisi aliyejulikana kwa uangalifu wake. Tarehe 24 Juni 2003, kifaa alichokiweka njiani mwa tornado huko South Dakota kilipima kushuka kwa kanieneo ya hewa kwa milibari 100, kipimo cha kipekee. Miaka 10 baadaye, tarehe 31 Mei 2013, karibu na mji wa El Reno, Oklahoma, tornado yenye upana wa zaidi ya kilomita 4 iligeuza mwelekeo ghafla na kuongeza kasi. Samaras, mwanawe Paul na mwenzao Carl Young walifia hapo.

Afrika Mashariki pia dhoruba hufuatwa na wataalamu. Januari 2019, ndege ya utafiti kutoka Uingereza iliruka juu ya Ziwa Victoria kupima pepo zinazozaa dhoruba. Usiku, nchi kavu hupoa kuliko maji, na upepo huvuma kutoka pande zote kuelekea ziwani. Pepo hizo zikikutana, hewa yenye unyevu hupanda na kufanya mawingu ya radi. Kwa hiyo dhoruba nyingi za ziwani huja usiku na alfajiri, saa ambazo mvuvi yuko majini.

Huku kwetu hatari haimfuati mtu ziwani. Humngoja kwenye daraja na kwenye kivuko. Mvua ikinyesha kwa nguvu juu ya Mlima Kenya au Nyambene, maji hushuka kwa kasi hadi nchi za chini za Tharaka, Mbeere na Isiolo. Mtu anaweza kufika kwenye laga kavu jua likiwaka, na dakika chache baadaye ikajaa maji ya mvua ambayo hakuiona.

Majirani wetu wa Kitui wanalijua jambo hili kwa uchungu. Jumamosi tarehe 4 Desemba 2021, basi lililowabeba wanakwaya na jamaa zao wakielekea harusini lilijaribu kuvuka Mto Enziu, karibu na Mwingi, maji yakiwa yamepita juu ya daraja. Basi lilizama. Baadhi ya abiria waliokolewa, lakini zaidi ya watu 30 walipoteza maisha. Walikuwa wamevalia sherehe.

Kwa nini mtu huingia katika maji kama hayo? Mara nyingi ni kwa sababu maji humdanganya. Maji yanayokwenda kasi yenye kina cha sentimita 15 yanaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 hutosha kulielesha gari dogo. Sentimita 60 huyasomba magari mengi, pamoja na pikapu. Tena maji ya mafuriko ni ya rangi ya tope. Aliye juu hawezi kujua kama lami bado ipo chini au imekwisha kubebwa.

Kuna sababu nyingine ambayo ni lazima isemwe wazi. Mwindaji wa dhoruba akiamua kugeuza gari, anapoteza picha tu. Dereva wetu akigeuza, anaweza kupoteza kazi. Tajiri wa mzigo anapiga simu kuuliza gari limefika wapi. Mwenye matatu anataka hesabu yake. Abiria wa nyuma anapaza sauti: "Dere, pita tu, mbona mwenzako amepita?" Dereva hayuko peke yake anapoingia majini, wanaomsukuma ni wengi. Kwa hiyo ujumbe huu si wa madereva pekee. Mwenye gari, mwambie dereva wako mapema kwamba akisimama kwa sababu ya mafuriko hutamkata mshahara wala kumfuta kazi. Abiria, dereva akikataa kuvuka, mshukuru. Akitaka kuvuka, una haki ya kusema: "Dere, simama, nishuke."

Yafuatayo ni ya kuzingatia msimu huu:

Sikiliza utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa kabla ya kuondoka, na uulize wanaotoka upande unaokwenda hali ya mito ikoje.

Mvua ikianza, punguza mwendo na uache nafasi kubwa mbele yako. Kagua tairi na wipa kabla ya msimu, si siku ya mvua.

Usivuke daraja au kivuko kilichofunikwa na maji, hata kama mwingine amevuka. Usiegeshe gari wala kulala ndani ya laga.

Ukiona umeme, hesabu sekunde hadi usikie radi. Kila sekunde 3 ni kama kilomita 1. Zikiwa chini ya 30, radi iko karibu: ingia ndani ya nyumba au gari lililofungwa lenye paa la chuma. Mhudumu wa bodaboda, shuka ujikinge ndani ya jengo, wala si chini ya mti. Ngoja dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

Dharura ikitokea, piga 999 kwa polisi au 1199 kwa Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya. Usimfuate majini anayezama. Mrushie kamba au dumu tupu.

Mvua ni neema kwetu. Vuli ndiyo inayotupa mahindi na maharagwe, na ndiyo inayochipusha hiyo miraa. Hakuna anayeiombea isije. Linaloombwa ni kwamba kila aliyeondoka nyumbani arudi. Miraa ikinyauka, mti utachipua tena. Harusi inaweza kungoja saa mbili mto upungue.

Wahenga walilimaliza kwa maneno mawili: kawia ufike.